Mwanangu Alikuwa Akikariri, Hakuwa Akisoma

Mwanangu alipoanza darasa la kwanza alikuwa akitamka ba, be, bi, bo, bu kwa sauti kubwa bila kukosea, nami nikaamini kwamba anasoma. Jioni moja nilifunika mstari wote kwa kiganja, nikaacha "bo" peke yake, nikamwuliza hiyo ni nini. Alinyamaza, kisha akaanza kunong'ona "ba, be, bi" huku akikunja vidole, mpaka akaifikia. Niliumia, kwa kuwa alikuwa ameshika wimbo wa silabi wala hakuzijua sura zake, na mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto peke yake.

Nilikata boksi la sabuni nikapata kadi ndogo, nikaandika silabi moja kwenye kila kadi. Nilianza na irabu tano pamoja na silabi za m, k, t, b na l, ambazo zinatosha kuunda mama, baba, kuku, taa na meli. Kila jioni, kwa dakika 15 na si zaidi, tulizichanganya kama karata na kutafuta maneno. Majina ya herufi niliyaacha kwanza, kwa sababu mtoto aliyezoea kuiita b "be" huhangaika kuona jinsi "be" na "a" zinavyozaa "ba". Nilimpa sauti tu. Kiswahili humsaidia sana mwanafunzi hapo, kwani irabu haibadili sauti yake kutoka neno moja hadi jingine, na baada ya wiki chache aliunda mwenyewe neno "kamata" ambalo sikuwa nimemwonyesha.

Kilichotusumbua zaidi ni m isiyofuatwa na irabu. "Mtu" alisoma "mutu", na "mtoto" akasoma "mutoto", kwa kuwa nilikuwa nimemzoesha kwamba kila konsonanti ina irabu yake. Tulipiga makofi: m-tu, mawili, m-to-to, matatu. Nilimwambia afumbe midomo na kuivumisha m kabla ya kofi la pili, na nikaikatia m kadi yake. Siku moja tukitoka sokoni alisimama mbele ya kibao kilichoandikwa MKAA, akapiga makofi matatu polepole, akasema, "Mama, hapa wanauza mkaa!" Nilimkumbatia palepale barabarani. Hata herufi kubwa, ambazo nilidhani zingemshinda, alikuwa ameanza kuzizoea kutoka kwenye vibao vya maduka.

Kuandika tulikuanzia mchangani kwa kidole, kwa sababu penseli ilimchosha mkono upesi. Herufi b na d alizichanganya kwa miezi kadhaa. Nilimfundisha kwamba b huanza na mstari unaoshuka ndipo tumbo lifuate, ilhali d huanza na tumbo, na sikumkaripia hata mara moja.

Sasa humwandikia mwenye duka mahitaji yetu. Juzi aliandika "chuvi". Sikumsahihisha, nilimwomba alitamke neno hilo taratibu huku ameshika midomo yake. Alipofika katikati midomo ikafumbana chini ya vidole vyake, akanitazama, akasema, "Kuna m hapa, mama," akachukua penseli na kuibana hiyo m mbele ya v.