Mimi nane

Jana usiku wifi kanitumia voisi. Fupi tu, nyuma nasikia watoto wake wanagombania rimoti. "Wifi, sikukuu ndiyo hiyo inakuja, nataka nimnunulie Babu zawadi mapema kabla bei hazijapanda, sasa hebu niambie, tumhesabu yuko miaka mingapi?"

Tumhesabu.

Hana ubaya wowote wifi yangu. Ndiye aliyelala na mimi chini, kwenye kanga, siku zote zile mwanangu, Babu tunavyomwita, alipofanyiwa upasuaji wa moyo, na hakuna mtu nje ya nyumba hii anayemuelewa anapoongea kama yeye. Kauliza kwa mapenzi. Ila nilikaa na simu mkononi mpaka kioo kikazima chenyewe. Na jana ilikuwa 21 Machi, siku ya watu wenye sindromu ya Down duniani, kama Babu, walichagua tarehe hiyo maana kromosomu namba 21 sisi tunazo mbili wao wanazo tatu, ndiyo ikawa 21 ya mwezi wa 3, mwaka huu wa 2025 imeangukia ndani ya Ramadhani. Babu alishinda na soksi zake zisizofanana, ndiyo alama ya siku hiyo, moja nyekundu moja ya mistari, kavalia na kandambili, kila anayepita barazani ananyanyuliwa mguu aone.

Ndio hilo swali likanirudisha Kariakoo, Idd ya 2017.

Ilikuwa mwezi wa sita, zimebaki siku mbili tatu mwezi uandame, nimempeleka Babu mwenyewe akachague zawadi, jambo ambalo kila mtu aliniambia nisilifanye. Tulipanda mwendokasi Magomeni tukashuka Gerezani. Mkobani nina karatasi niliyoandikiwa na dada wa mazoezi, yule aliyekuwa anamkanda na kumfundisha kushika vitu. Shanga kubwa za mbao za kutunga kwenye kamba. Picha za kupanga, vipande vikubwa. Mpira laini. Kisicho na vitu vidogo vidogo kwa sababu bado alikuwa anatia mdomoni, kisicho cha kurukia na kubiringikia kwa sababu ya shingo, maana baadhi yao mifupa ya pale juu haijashikana sawasawa. Aliniandikia kwa mwandiko mzuri na alinieleza sababu ya kila kimoja, kwamba watoto wenye sindromu ya Down wanazaliwa na misuli milegevu, vidole vyenyewe vifupi, sasa kifungo tu cha shati kwao ni kazi ya nusu saa, na kutunga shanga kunavikaza vidole bila mtoto kujua kama yuko mazoezini. Nilimuamini. Mpaka leo namuamini.

Mtaa wa Kongo siku zile za mwisho wa mfungo wanaoujua wanaujua, sina haja ya kueleza, nilimshika mkono Babu mpaka nahisi nimemuumiza, swaumu imenikaba, watu wanamuangalia yeye halafu wananiangalia mimi halafu wanamuangalia yeye tena. Nilishazoea. Tulipita nguo za watoto, tukapita viatu vya taa, mwishowe tukaingia kwenye duka moja la midoli, jembamba refu, juu kumening'inia mipira na baluni na bastola za maji, mbele kuna kabati la kioo limekuwa kama kaunta.

Muuzaji kijana tu, mchangamfu. "Karibu mama. Huyu mdogo wetu ana miaka mingapi?"

Nikasema, "Mitatu."

Nikiifikiria naona nilikuwa na sababu zangu. Kwenye yale maboksi wanaandika umri, na shanga nilizokuwa nazitaka nilishaziona kwa macho, zimeandikwa 3 mpaka 5. Ningesema nane angenishushia vitu vya nane, nimwambie hapana, aniulize kwa nini, nianze kueleza, na mimi nilikuwa naeleza toka 2009, nimeeleza kwenye daladala, nimeeleza msibani, nimeeleza kwa walimu wakuu watatu. Nilikuwa nimechoka, nina kiu. Na aibu ilikuwepo, sitaificha. Babu alikuwa mdogo wa umbo, ungeweza kuambiwa ana mitano ukakubali. Nikaona neno moja litamaliza mambo.

Muuzaji akageuka kuchukua boksi. Hapo ndipo mkono wa Babu ukachomoka kwenye wangu.

Mkono wake siku zote ulikuwa unalala tu ndani ya wangu, laini, hauvuti. Siku ile ulivuta. Akasogea kwenye kabati, kifua kikagusa kioo, akanyanyua mkono wa kushoto na kuukunjua wote, vidole vitano, akauacha pale hewani. Halafu wa kulia. Huo ulimpa tabu. Alitaka vidole vitatu na vile viwili vya mwisho havikunjiki, kila akikikunja hiki kile kinafumka, ukimwambia shika hiki huku ukiacha kile ni kama kumwambia akunje sikio. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo mkekani kila jioni toka alipotimiza miaka minane, na maharage nane mbele yetu, na mimi ndiye nilikuwa namshikilia vile vidole viwili. Sasa sikumshikilia. Nilisimama tu. Alivitazama kidogo vidole vyake, akautoa ulimi kama anavyoutoa akiwa na kazi nzito, halafu akaukandamiza mkono kwenye ukingo wa kabati, vile viwili vikabanwa pale kwenye fremu ya aluminiamu, vikatulia. Vitatu vikasimama. Akavinyanyua vyote kwa pamoja, akamuangalia yule kijana usoni, sio mimi, yule kijana.

"Nane," akasema. Lilitoka zito, limejaa mdomo mzima, lakini lilikuwa nane kabisa. "Mimi nane."

Kijana alikuwa ameshika boksi la shanga. Akaniangalia. Mimi nikaangalia boksi. Sijui ilipita muda gani, nadhani sekunde chache tu, ila nakumbuka feni ilivyokuwa inalia, na mama mmoja nyuma yangu anauliza bei ya mwanasesere mara mbili hajibiwi. Halafu yule kijana akaweka boksi pembeni, akaegemea kabati mpaka uso wake ukawa sawa na wa Babu, akasema, "Nane! Basi samahani bwana mkubwa. Unataka nini?"

Nataka kusema kwamba katika miaka minane yule alikuwa mtu wa kwanza dukani kumuuliza yeye.

Babu akaonyesha juu. Saa. Zile saa za plastiki za sikukuu, ukibonyeza zinawaka taa, zimening'inia na miwani myeusi, ambazo kila mtoto wa kiume mtaani kwetu siku ya Idd utamkuta nayo juu ya kanzu. Hata sikuwa nimeziona. Ilikuwa 3,000, sikuomba apunguze. Na shanga nikanunua, nikazitia mkobani kimyakimya, na njia nzima kurudi nilikuwa natafuta neno la kumwambia mwanangu na sikulipata, yeye anabonyeza taa tu, mwanga unampiga kidevuni, anacheka.

Idd yenyewe ilikwenda kama Idd. Alikwenda kuswali na baba yake, kanzu mpya, saa mkono wa kulia. Waliporudi baba yake ananihadithia, wazee wamempa mkono wa Idd halafu kila mmoja anamuuliza, "Bwana, saa ngapi saa hizi?" na yeye anaangalia saa kwa makini, anabonyeza, anajibu, "Nane." Saa mbili asubuhi. Saa nne kwa jirani, nane. Mchana tumekaa chini na sinia la pilau, mjomba akamuuliza, nane, na mimi nikatupa jicho kwenye simu, ilikuwa saa nane na dakika tatu.

Saa ilikufa siku ya tatu. Aliivaa imekufa karibu mwaka mzima mpaka mkanda ukakatika.

Shanga zilikaa chini ya kitanda kwa muda mrefu. Halafu siku moja mdogo wake akazitoa, wakaanza kutunga pamoja, wakashindana, ikawa mchezo wao wa kila siku mvua ikinyesha, na alipofika miaka kumi Babu alifunga vifungo vya kanzu yake mwenyewe, vyote, kuanzia chini. Kwa hiyo dada wa mazoezi alikuwa sahihi. Na Babu alikuwa sahihi. Na mimi mpaka leo nikisimama kwenye duka na kuulizwa mtoto ana miaka mingapi kuna kitu kinanikaza kooni, maana swali lina majibu mawili na nikitoa moja namnyima kitu. Nikisema umri wake wanampa asichoweza halafu wanamuona kashindwa. Nikisema kile anachoweza nimemfuta miaka yake, na kaiishi yote, pamoja na ile wiki ya kifua kilichofungwa bandeji.

Leo baada ya daku nikamuuliza. Shangazi anataka kujua unataka nini sikukuu. Alikuwa anakunywa uji, akaweka kikombe chini, akafikiri sana.

"Simu," akasema. "Ya kwangu."

Ana ndevu mbili tatu kidevuni, amezianza juzijuzi, anazigusagusa akifikiri.

Simu. Nani atampigia, nani atamdanganya, ataitumiaje, atapotea nayo wapi, yote yalinipita kichwani kabla hajamaliza kumeza. Baba yake anasema tumpe ile ndogo ya batani. Mdogo wake anasema ya batani hataitaka, ataona tumemfanya mtoto. Hatujakubaliana.

Wifi nimemjibu nusu tu ya swali lake. Nimemwandikia: ana miaka kumi na sita. Hilo la simu nimemwambia asubiri.