Bibi Afya Si Askari: Siku Moja ya Kuelimisha Umma Kuhusu Sumu Isiyoonekana

Mitaani wanatuita bwana afya au bibi afya, na wakituona tunakuja na mkoba begani, jambo la kwanza linalowajia akilini ni faini. Wapo wanaofunga milango, wapo wanaokimbilia kufagia uwanja, na wapo wanaoniuliza kabla hata ya salamu kosa lao ni lipi. Wenzangu wa ukaguzi wana mamlaka ya kutoza faini na kufunga shughuli, lakini mimi niko upande wa elimu kwa umma. Kazi yangu ni kukaa na mtu na kumweleza habari za kitu asichokiona, asichokinusa na ambacho hakimuumi leo, mpaka yeye mwenyewe aone sababu ya kubadili namna anavyofanya kazi au anavyolala. Nimeamua kuandika jinsi Jumanne ya wiki iliyopita ilivyokwenda, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba tunalipwa kwa kugawa karatasi.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshapanga mkoba: vipeperushi, glavu, chupa ya maji, vitambaa vyeupe vya pamba na mfuko wa plastiki wenye maganda ya rangi ya zamani iliyobanduka ukutani, ambao huwaonyesha watu bila kuufungua.

Saa mbili nilianza na shule ya msingi. Mada ilikuwa madini ya risasi, na kila mara neno lenyewe ndilo kikwazo cha kwanza, kwa sababu mtoto akisikia risasi anafikiria bunduki. Mmoja aliniuliza nani alipigwa. Wapo wenzangu wanaopendelea kusema ledi ili kukwepa mkanganyiko huo, lakini mimi hubaki na risasi, kwa kuwa wakirudi nyumbani hilo ndilo neno ambalo wazazi wao wanalijua. Huwaeleza kwamba ni metali nzito na laini inayoyeyuka kwenye nyuzijoto 327 tu, joto ambalo moto wa kawaida wa kuni au mkaa unalifikia bila shida, na imetumika kila mahali: kwenye rangi, mabomba, betri, hata petroli. Darasa hunyamaza ninapowaambia kwamba risasi iliwekwa kwenye petroli ya magari kwa takriban miaka 100, na kwamba nchi ya mwisho kuacha kuiuza, Algeria, iliacha Julai 2021. Watoto wale walikuwa wameshazaliwa. Si historia ya mababu.

Msichana mmoja aliyeketi nyuma alisimama akasema kwamba kwao hakuna tatizo, kwa kuwa mama yake huchemsha maji. Nilimsifu mama yake kwa dhati, kwa sababu kuchemsha huua vijidudu na kumeokoa watu wengi mno. Kisha nikaeleza sehemu ambayo hata watu wazima hawaipendi: metali kama risasi na aseniki haziui mtu kwa kuwa hai, hivyo haziuawi kwa moto. Maji yakichemka, sehemu yake huondoka na mvuke, na metali hubaki ndani ya maji yaliyopungua. Alifikiri kidogo, akauliza, “Sasa tufanye nini?” Hilo ndilo swali ninaloliheshimu kuliko yote. Nilimjibu kwamba maji ya chanzo kinachotiliwa shaka hupimwa maabara, na kwamba pale penye mabomba ya zamani, maji yaliyolala bombani usiku kucha yaachwe yatiririke kwanza kabla ya kukinga ya kunywa.

Saa nne nilitakiwa kuzungumza na akina mama kliniki. Ufunguo wa ukumbi haukuonekana, tukaanza saa tano na robo chini ya mti. Mama mmoja aliyekuwa akinyonyesha aliuliza kama ni salama kulala na jiko la mkaa chumbani iwapo ameacha mlango wazi kidogo. Nilisema hapana, kisha nikarudia. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, na hushikamana na himoglobini, yaani sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, hulegea, hudhani ni uchovu wa kutwa nzima, hulala na hawezi kuamka. Jiko litoke nje kabla ya usingizi kuingia. Hapo sikuacha nafasi ya mazungumzo, na sijutii.

Saa saba mchana ndipo siku yangu ilipoanza kweli. Mhudumu wa afya wa ngazi ya jamii alikuwa ameniomba nifike kwa mzee mmoja anayevunja betri za magari uani kwake na kuyeyusha risasi ili aiuze. Tulimkuta amechuchumaa mbele ya betri iliyopasuliwa, akichomoa mabamba yake kwa mikono mitupu. Sufuria nzito ilikuwa mekoni, na asidi ilikuwa imemwagwa kando ya ukuta, mahali ambapo udongo ulikuwa umebadilika rangi na hapakuota hata jani. Kamba ya nguo ilipita juu yake.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, binti. Umekuja kunifungia?”

Nilimweleza kwamba sina mamlaka ya kumfungia, wala sikuja kwa ajili hiyo. Hakuniamini. Aliendelea kuchomoa mabamba huku akinieleza kwamba ameifanya kazi hiyo kwa miaka 20, ameisomeshea watoto, na kama ingekuwa sumu angekuwa kaburini. Hapo nilifanya kosa ninalolijua vizuri: nilianza na takwimu. Nilimwambia kwamba mwaka 2020 UNICEF ilikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto takriban milioni 800, ana risasi ya mikrogramu 5 au zaidi katika kila desilita ya damu, na kwamba kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Aliniangalia kama mtu anayesomewa habari za nchi nyingine.

Kisha wakaanza kuja wateja. Kila mmoja alipofika na betri yake, mzee aliinuka, akapatana naye, akamgeukia na kumwambia, “Msikilize huyu, anasema tunakufa,” na mjadala ukarudi mwanzo kabisa. Nilieleza mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, jua likiwa utosini na moshi wa sufuria ukigeuka kila nilipohama upande. Mteja wa tatu ndiye aliyeleta hoja ya maziwa. Alisema wanakunywa maziwa kila siku baada ya kazi, na maziwa huosha sumu. Mzee akapiga paja kwa furaha. Kwake mjadala ulikuwa umekwisha.

Imani hii nimeikuta kwa wapaka rangi, kwa mafundi wa kuchomelea na kwa wachimbaji, na ni ngumu kuing’oa kwa sababu imeegemea kipande cha ukweli. Mwili unaopata kalsiamu na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi kutoka tumboni kuliko mwili wenye upungufu, hivyo lishe bora ni kinga ya kiasi fulani, hasa kwa mtoto. Lakini risasi iliyokwisha kuingia haioshwi na maziwa, na ile inayoingia kwa mvuke na vumbi kupitia mapafuni haipiti tumboni kwanza. Mwili huichukulia kama kalsiamu na kuihifadhi mifupani, inakoweza kukaa kwa miongo. Mwanamke akishika mimba, sehemu ya akiba hiyo hurudi kwenye damu na kumfikia mtoto aliye tumboni. Nililieleza hilo taratibu, kwa mifano, na nikaona mteja ananisikiliza kwa makini kuliko mwenyeji wangu.

Lililoibadilisha saa ile si maneno yangu. Mjukuu wa mzee, wa umri wa kama mwaka mmoja na nusu, alitoka ndani akitambaa, akavuka kizingiti, akafika mguuni pa babu yake na kushika pindo la suruali. Kisha akatia vidole mdomoni. Nilimwomba mama yake ruhusa, nikakilowesha kitambaa cheupe, nikamfuta viganja polepole, nikakikunjua mbele yao. Kilikuwa na alama mbili za kijivu, ndogo kama majani ya mchicha, na mistari ya vidole ilionekana. Sikumwambia mzee kwamba ile ilikuwa risasi, kwa sababu jicho halipimi, na sitaki kumshinda mtu kwa uongo. Nilimwambia kwamba vumbi lililofika kwenye kitambaa ndilo linalofika mdomoni, na kwamba mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, huku ubongo wake ukiwa bado unajengwa. Yeye mwenyewe kusimama wima baada ya miaka 20 hakutuambii lolote kuhusu mtoto huyu.

Mzee alikaa kimya. Mama wa mtoto ndiye aliyezungumza, kwa sauti ya chini, kwamba mkubwa wake wa miaka saba analalamika tumbo mara kwa mara na mwalimu anasema hatulii darasani. Nilimjibu kwamba dalili hizo zina sababu nyingi na kwamba ni kipimo cha damu pekee kinachoweza kusema. Nilimweleza pia, kwa kuwa alikuwa na haki ya kujua, kwamba yapo matibabu ya kupunguza risasi mwilini kwa waliozidiwa, lakini madhara yaliyokwisha kuupata ubongo hayarudishwi nyuma, na kwamba hayo matibabu hayana maana kama mtoto atarudi kwenye vumbi lile lile.

Tulikubaliana mambo machache. Nguo na viatu vya kazi havitaingia ndani, wala havitafuliwa pamoja na nguo za watoto. Mzee ataoga kabla ya kumbeba mjukuu. Sakafu itapigwa deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagiwa kavu, kwa kuwa ufagio hulirusha vumbi hewani. Kamba ya nguo itahamishwa. Watoto wote wanne watapelekwa kupimwa Alhamisi. Kuhusu sufuria, nilimweleza wazi kwamba hayo yote ni kupunguza tu: kuyeyusha risasi uani hakuna namna salama, na njia iliyopo ni kuuza betri zikiwa nzima, bila kupasuliwa wala kumwagwa asidi, kwa kiwanda chenye kibali na vifaa vya kazi hiyo. Alisema atafikiri. Niliondoka pale nikiwa na neno hilo moja, na moto ulikuwa bado unawaka.

Baada ya hapo siwezi kusema nini kilikuwa saa ngapi. Nilipita kliniki kuthibitisha nafasi ya Alhamisi, nikazungumza na vijana wawili waliokuwa wanakwangua rangi kuukuu ya dirisha pakavu, bila barakoa, nikawaonyesha namna ya kulowesha kwanza. Miguu ilikuwa inauma na sauti ilikuwa imekauka. Ofisini nilijaza fomu ya siku, ambayo ina safu ya idadi ya watu waliofikiwa na safu ya idadi ya vipeperushi vilivyogawiwa, lakini haina mahali pa kuandika kwamba ua mmoja ulichukua saa mbili na nusu, au kwamba kamba ya nguo ilihamishwa nikiwa bado nimesimama pale. Shule ile itahesabiwa kuwa mafanikio makubwa na ua ule utaandikwa watu saba. Nimelilalamikia jambo hili kwa maandishi na nitalilalamikia tena, maana fedha hufuata safu hizo.

Nilifika nyumbani giza limeingia. Viatu nilivivua nje, suruali nikaitia kwenye mfuko na kuufunga. Mwanangu mdogo alinisikia, akaja mbio mpaka mlangoni mikono ikiwa juu. Nilimwambia asubiri, mama aoge kwanza. Alikaa pale pale kizingitini, akaanza kuhesabu kwa sauti.