Nilivyopata nyumba ya kupanga Texas baada ya kufilisika

Biashara yangu ya lori ilizama mwaka 2023, bei za mizigo zilipoporomoka huku marejesho ya mkopo yakibaki palepale. Mahakama hapa Dallas ilinifutia madeni kwa Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi ya Marekani. Nyumba ndiyo iliyonitoa jasho.

Kwenye apatimenti kubwa, kompyuta ndiyo inayoamua. Unalipa ada ya maombi isiyorudishwa, unaambiwa hapana. Ada hizo ziliniuma sana, maana zilitoka kwenye pesa ya watoto. Ndipo mwanasheria akanieleza kuwa sheria ya Texas inamtaka mwenye nyumba akupe vigezo vyake kwa maandishi pamoja na fomu. Asipofanya hivyo kisha akakukataa, anatakiwa kurudisha ada. Tangu hapo sikutoa hata senti kabla ya kusoma vigezo. Palipoandikwa kuwa aliyefilisika hapokelewi, niliaga nikaenda zangu.

Ukikataliwa kwa sababu ya ripoti ya mikopo (rekodi ya jinsi unavyokopa na kulipa), una haki ya kuambiwa imetoka kampuni gani na kuomba nakala ya bure ndani ya siku 60. Kwenye yangu, baadhi ya madeni yaliyofutwa yalikuwa bado yanasomeka kama nadaiwa! Nikaiandikia kampuni ya ripoti pingamizi, nikaambatanisha hati ya mahakama. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza. Salio likarekebishwa kuwa sifuri.

Nyumba niliipata Fort Worth kwa mzee mmoja Mkongo tunayesali naye. Nilimwekea mezani hati ya mahakama, hati za mshahara (siku hizi naendesha lori la watu) na stetimenti za benki zinazoonyesha kodi ya zamani ikilipwa kila mwezi. Akasoma taratibu, akavua miwani.

"Kwa hiyo mwanangu, leo hakuna mtu anayekudai?"

"Hakuna, baba."

Akataka amana ya miezi miwili badala ya mmoja. Nikalipa.

Upande wa mikopo, nilichukua kadi ya mkopo ya amana kwenye chama cha akiba na mikopo: unaweka dola 200 kama dhamana, ndipo unapewa kadi. Naitumia kwa mafuta ya gari tu, nalipa yote kila mwezi. Kufilisika kutakaa kwenye ripoti miaka 10 tangu kesi ilipofunguliwa, lakini alama za mikopo, zinazoonyesha unavyoaminika kulipa, zinapanda hata kukiwepo. Wanaopiga simu wakiahidi kuifuta rekodi hiyo kwa ada, msiwape kitu. Rekodi ya kweli hawana uwezo wa kuiondoa kabla ya muda wake.

Mkataba ukikaribia kuisha nitamwomba mzee barua ya kuthibitisha kuwa kodi nimelipa kwa wakati, niiweke faili moja na hati ya mahakama.