Mluzi wa mwisho kabla ya gego

Saa hizi ni saa tano na nusu usiku, watu wamelala, mimi niko jikoni napiga mluzi. Sio kwamba nina furaha. Kesho saa nne asubuhi natolewa magego mawili ya chini, yale ya mwisho kabisa kule nyuma ambayo watu wanayaita meno ya akili, na daktari kaniambia baada ya hapo mluzi hakuna kwa wiki nzima, basi nikasema ngoja niupige wote leo niumalize.

Usingizi umegoma ndio maana naandika. Na pia nina aibu kidogo nataka kuitua mahali, maana hili jambo nimelikimbia miaka 9. Nilikuwa na miaka 20 daktari wa kwanza aliponionyesha picha akaniambia hili la kushoto limelala, litakuja kukusumbua, litoe sasa hivi mizizi bado haijakomaa na mfupa wa taya bado haujawa mgumu sana, utapona haraka. Nikasema sawa daktari nitarudi. Sikurudi. Lilikuwa haliumi, sasa jino lisilouma nani anahangaika nalo.

Basi likasubiri. La kulia ndio lilianza vurugu, limetoka nusu, nusu nyingine imefunikwa na kipande cha fizi kama kikofia, chakula kinaingia chini ya kile kikofia hakitoki na mswaki haufiki, mwishowe panavimba. Mara ya kwanza nilisukutua maji ya chumvi ya vuguvugu siku tatu ikapoa nikajiona mganga. Mara ya pili mdomo ulikataa kufunguka, yaani kijiko naingiza kwa kukilaza, na kumeza mate tu ilikuwa kazi ya kujipanga. Hapo ndio nikaenda, na wala hawakuling'oa siku hiyo, wakatuliza kwanza uvimbe na maambukizi ndio mambo mengine yafuate.

Picha ya pili ndio ilinimaliza nguvu. Unasimama umeng'ata kitu kidogo, mashine inakuzunguka kichwa, halafu meno yako yote yanatokea kwenye skrini yamepangwa kama yanakucheka. La kulia sawa, limeinama tu. La kushoto limelala ubavu kabisa, kichwa limekiegemeza kwa gego la jirani, na huyo jirani kaoza pale pale walipogusana. Hiyo iliniuma kuliko yote maana jirani ni jino zima la kazi, halikuwa na kosa lolote. Nikauliza si tuzibe tu hilo shimo? Akasema shimo liko upande ambao gego limeziba, huwezi kulifikia vizuri mpaka gego litoke. Kwa hiyo kesho ni mwanzo tu, panapopona narudi jirani akasafishwe mizizi na kuvalishwa kofia. Ya juu tunayaacha, moja limekaa wima halina shida na lingine sinalo kabisa, kumbe kuna watu hawaoti yote manne, mimi miaka yote hii nilidhani liko njiani.

Sasa mluzi unaingia hapa. Ndani ya taya la chini kuna mfereji unapita kwa urefu, kwenye picha unauona kama mistari miwili myembamba, na humo ndani kuna neva inayoleta hisia kwenye mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ya gego langu la kushoto inaonekana kama imekaa juu ya huo mfereji. Ikabidi nipigwe picha nyingine, ile inayoonyesha kwa pande zote, ndio ikaonekana wamekaribiana sana ila hawajapitiliana. Daktari akaniambia bila kupamba, kuna uwezekano mdomo wa chini ukabaki na ganzi, mara nyingi inaisha yenyewe kwa wiki au miezi, mara chache haiishi, na ulimi nao una neva yake pale karibu. Ukikubali saini hapa.

Nikakaa kimya. Halafu swali lililotoka mdomoni likanishangaza hata mimi mwenyewe, nikamuuliza daktari, nitaweza kupiga mluzi? Hakucheka. Akaniambia hii neva ni ya kuhisi, sio ya kusogeza, mdomo utaendelea kutembea kama kawaida, kitakachopotea ikitokea bahati mbaya ni kuhisi mguso, joto, baridi. Sasa mtu asiyepiga mluzi hawezi kuelewa, lakini mluzi unaupata kwa kuhisi, unausikia upepo pale kwenye ncha ya mdomo ndio unajua sauti iko wapi. Nimekuwa napiga tangu mdogo, nikipika, nikifua, nikiwa na mawazo. Nilisaini, ila kalamu niliishika muda mrefu.

Nadhani hiyo ndio hofu yangu yote ya miaka 9, na nilikuwa nasingizia maumivu. Maumivu wala hayanitishi sana. Kuna ganzi, na juu ya ganzi nimechagua dawa ya kusinzisha ya mshipani, sio nusu kaputi ile ya kulala kabisa, hii unakuwa upo upo tu na baadaye hukumbuki vizuri. Daktari kaniambia hata ganzi ikishika nitahisi kusukumwa na kuvutwa, na nitasikia mlio, maana jino lililolala halitoki zima, wanafungua fizi, wanachonga mfupa kidogo, wanalikata vipande na kutoa kimoja kimoja. Ajabu maelezo hayo yamenituliza. Nilikuwa nawaza mtu ameweka goti kifuani kwangu anavuta na koleo.

Fomu nayo iliniumbua. Pameandikwa unatumia dawa gani, nikajaza hakuna. Tukiwa tunaongea nikataja kwamba kichwa kikiniuma huwa nameza aspirini, daktari akaweka kalamu chini akaniangalia. Aspirini inafanya damu ichelewe kuganda, akaniambia kichwa kikiniuma kabla ya siku yenyewe nitumie parasetamo. Akauliza tena, taratibu, kitu kingine? Dawa za mitishamba? Vidonge vya uzazi wa mpango? Sigara? Nikataja yote moja baada ya jingine kama mtoto aliyekamatwa. Dada yangu niliyekuja naye akasema loh, mdogo wangu. (Na wenye dawa za moyo au za kuyeyusha damu mlizoandikiwa, msije mkaacha wenyewe mkasema mnajiandaa, mwambieni daktari aamue, baba alishawahi kujiachisha siku tatu ili ang'oe jino na alichosemwa siku ile hatasahau.)

Sigara ndio nina wiki ya pili sijagusa. Hiyo imekuwa ngumu kuliko jino lenyewe na sitaki kuizungumzia.

Kinachofuata kesho nimekishika hivi: ukishang'oa, kwenye shimo panaganda bonge la damu na hilo bonge ndio kila kitu, ndio plasta ya asili inayofunika mfupa na neva. Likitoka mapema mfupa unabaki wazi, kunakuja maumivu ya siku ya tatu au ya nne yanayopanda mpaka sikioni. Kwa hiyo hakuna mrija, hakuna kutema mate kwa nguvu, hakuna moshi, siku ya kwanza hata kusukutua hakuna. Maji ya chumvi yanaanza baada ya masaa 24, nayo unayazungusha kwa kuinamisha kichwa halafu unaacha yamwagike yenyewe. Na mluzi, niliuliza, daktari safari hii akacheka, akasema sijawahi kuulizwa ila kitu chochote kinachovuta na kusukuma hewa mdomoni pumzika nacho wiki.

Nyumbani nimejiandaa kama mtu anayesubiri mafuriko. Barafu ipo, vitambaa vya kuifungia vipo, mito miwili ya kuinua kichwa, supu imepikwa imegawanywa kwenye vyombo vidogo, mtindi, dawa zimepangwa na saa zake. Kazini nimeomba siku nne kwa sababu uvimbe unafika kileleni siku ya pili au ya tatu, sio ile ya kwanza. Nimepiga na picha ya uso wangu leo, sijui kwa nini, nadhani nataka ushahidi kwamba mashavu yalikuwa sawa.

Mwisho wa kula ni saa kumi usiku na mwisho wa maji ni saa mbili asubuhi. Nilikuwa nimeweka alamu ya saa tisa na nusu niamke nitie kitu tumboni, naifuta, na hofu hii nitameza nini. Dada ndio anaendesha, mimi kwa masaa 24 baada ya hiyo dawa sishiki usukani wala sisaini kitu, kanionya na simu ataichukua nisije nikatumia watu meseji za ajabu.

Sasa hivi kanitumia meseji toka chumba cha pili: mdogo wangu, mluzi au usingizi, chagua kimoja.

Nimemjibu nakuja. Umebaki wimbo mmoja.