Tulivyotengeneza prizimu ya maji, Mbeya

Prizimu ya kioo, kile kipande cha pembetatu kinachotawanya mwanga kuwa rangi, ilikuwa moja tu, na kidato cha tatu kimejaa hadi mlangoni. Nikashuka Mwanjelwa kwa fundi vioo, nikamwomba anikatie vipande vitatu vya kioo cha dirisha vyenye upana uleule. "Mwalimu, unafuga samaki?" Hakukosea sana. Upana ukilingana, ukiviunganisha unapata pembe za nyuzi 60 bila kupima. Nikaziba maungio kwa silikoni, nikabandika kitako, ilipokauka nikajaza maji. Unene wa kioo hauharibu kitu kwa sababu nyuso zake mbili ni sambamba; kazi ya kupinda mwanga inafanywa na maji.

Juni Mbeya ni baridi ya kuuma, ila jua la asubuhi ni safi. Tuliziba dirisha la mashariki kwa boksi, tukachana mwanya kwa wembe. Lazima uwe mwembamba. Ukiwa mpana rangi zinaangukiana, katikati panabaki peupe. Nyekundu ikapinda kidogo kuliko zote, zambarau ikapinda zaidi. Darasa likashangilia, tukaendelea.

Kinachowashinda wanafunzi hasa ni grafu ya mpindo, yaani nyuzi ambazo mwale umepinda kutoka njia yake ya awali: kadiri pembe ya kuingia inavyoongezeka, mpindo unashuka kisha unapanda. Hapo nikatoa tochi ya leza ya kununua kwa wamachinga (usimmulike mtu machoni). Leza ni rangi moja, kwa hiyo ukutani panakuwa na nukta moja tu. Mwanafunzi akazungusha prizimu polepole. Nukta ikasogea kuelekea pale ambapo leza ingepiga bila prizimu, ikapunguza mwendo, ikasimama, halafu ikaanza kurudi, na mkono wake bado unazungusha upande uleule.

"Mwalimu, inarudi!"

Tukadondosha tone la maziwa kwenye maji, mwale ukaonekana waziwazi. Nukta inaposimama, mwale ndani ya maji huwa sambamba na upande wa tatu, umeingia na kutoka kwa pembe zinazolingana. Huo ndio mpindo mdogo kuliko yote. Tukapima, nyuzi 23. Jumlisha 60, gawa kwa 2, tafuta saini (sine) yake, gawa kwa saini ya 30: 1.33, ile namba ya vitabuni inayoonyesha maji yanapinda mwanga kiasi gani.

Kesho yake nikatoa prizimu ya kioo kabatini. Nikawaambia kioo ni kama 1.5. Kabla sijawasha leza, walishaandika ubaoni: nyuzi 37.