Seli ya Nne

Leo nimefungua seli nne za kitufe, yaani betri ndogo za majaribio zenye lithiamu tupu upande wa hasi, zilizokuwa zikichajiwa na kutumiwa tangu mwezi uliopita. Nilizifungulia ndani ya sanduku la glavu lenye gesi ya agoni, maana lithiamu na unyevu hawapatani. Tatu zilinivunja moyo. Lithiamu iliyoingia iking'aa kama fedha imetoka nyeusi, imevimba, ina kitu mfano wa ukungu juu yake. Nilipoigusa kwa kibano, ikapukutika. Unga ule ni lithiamu iliyokatika na kutengana na lithiamu nyingine. Umeme hauifikii tena.

Gramu moja ya lithiamu tupu, kinadharia, hubeba takriban mAh 3,860 (kipimo cha chaji ya umeme). Grafiti tuliyoizoea kwenye betri za kawaida hubeba 372. Ndiyo maana siwezi kuiacha.

Kinachonisumbua ni elektroliti, kimiminika kinachopitisha ioni kati ya pande mbili za betri. Viyeyusho vya kaboneti huvumilia volti kubwa upande wa chanya, lakini upande wa hasi vinaila lithiamu. Etha, viyeyusho vya aina nyingine, huishi na lithiamu kwa amani, ila huanza kuoksidika (kunyang'anywa elektroni) kabla hata ya volti 4, na mimi nachaji hadi 4.4. Ukiziba huku, kunavuja kule.

Seli ya nne nilitumia etha iliyojaa LiFSI, chumvi ya lithiamu yenye florini, kiasi kwamba karibu kila molekuli ya etha imeshikwa na ioni ya lithiamu. Etha iliyoshikwa hivyo hainyang'anywi elektroni kirahisi. Upande wa hasi, chumvi yenyewe ndiyo inayotangulia kuvunjika, na kuacha utando wenye floridi ya lithiamu nyingi. Mchanganyiko huo ni mzito mno, hivyo niliulainisha kwa etha yenye florini, ambayo haiyeyushi chumvi wala haitenganishi walioshikana. Jambo hilo bado linanifurahisha kila nikiliwaza.

Na lithiamu yake imetoka safi: ya kijivu, chembe nene zilizoshonana. Watu huona 99% kuwa ufanisi mzuri, yaani sehemu ya lithiamu inayorudi kila mzunguko wa kuchaji na kutumia, lakini ukipoteza 1% kila mzunguko, baada ya mizunguko 100 unabaki na 37% tu. Kwa 99.9% unabaki na 90%. Tunapigania hiyo desimali.

Kisha nikakwangua elektrodi chanya na kuinua karatasi yake ya alumini kwenye taa. Vitundu viwili, vidogo kama ncha ya sindano, vinapitisha mwanga. LiFSI imeanza kuila alumini. Kesho naongeza chumvi kidogo, nipunguze etha iliyobaki huru, nianze upya.