Anayeniita mwoga yuko Kisauni, hana viza inayoshikwa na bosi

Jana kwenye laivu nilikuwa nikieleza habari za mishahara inayocheleweshwa Ghuba, kijana mmoja wa Kisauni, Mombasa, akaniandikia: "Dada, ulipokuwa Dubai ulifyata, kila Ijumaa unatuonyesha Burj Khalifa. Sasa uko kwa Wazungu ndiyo mdomo umefunguka?" Watu wakamjazia mioyo. Wengine wakaongeza yao: mnafiki, umenunuliwa, mwoga. Niliaga kwa heshima nikaenda zamu yangu ya kulea wazee hapa Uingereza, na zamu nzima hilo la uoga lilikuwa linanichoma. Leo nina mapumziko, basi nitajibu kwa kirefu, maana jambo hili linamgusa kila anayeshika simu akiwa nchi ya watu.

Nilinyamaza kwa sababu nilisoma sheria. Sheria ya Emirati (ndiyo nchi yenye Dubai) ya kupambana na uvumi na makosa ya mtandao, namba 34 ya 2021, ilianza kutumika tarehe 2 Januari 2022. Ukimtukana mtu mtandaoni, au ukimhusisha na jambo linalomshushia heshima, ni kifungo, au faini ya dirham 250,000 hadi 500,000, au vyote viwili. Ukimpiga mtu picha bila ridhaa yake ukaisambaza, unaingia kwenye kifungu kingine kinachoanzia miezi sita jela au faini ya 150,000, au vyote viwili. Ukisambaza kile wanachokiita habari za uongo au uvumi, ni mwaka mmoja au zaidi na faini isiyopungua 100,000, na wakati wa maradhi ya mlipuko au maafa vinapanda kuwa miaka miwili na 200,000. Dirham moja ni kama shilingi 35 za kwetu Kenya. Piga hesabu ya hiyo 250,000 mwenyewe, kisha uniambie hizo ni nyumba ngapi Mtwapa, na uniambie mhudumu wa mkahawa anazitoa wapi.

Na msifikiri kuwa ukisema kweli tupu basi umepona. Kule, kumchafulia mtu jina ni kumchafulia jina, hata kama ulilolisema limetokea na mashahidi unao. Mwajiri wako hahitaji kuthibitisha kwamba mshahara alikulipa. Anachohitaji ni kuonyesha kwamba jina la biashara yake limeonekana.

Niliona kwa macho yangu. Tulikuwa tunalala Deira, mtaa wa Dubai, chumba kimoja, vitanda vya ghorofa, kila mmoja na pazia lake, viatu vyetu vimepangwa mlangoni kwa sababu ndani hapana pa kuviweka. Mwenzetu mmoja, msichana wa Kiganda, alirudi usiku akiwa amechoka, akajirekodi kitandani bado amevaa aproni ya kazi. Hakutukana mtu. Alisema mwezi wa pili unaisha bila mshahara na mama yake anaumwa. Akaiweka TikTok, akalala. Kufika kesho yake mchana meneja alituita wote ofisini. Simu ilikuwa mezani, video imesimamishwa pale pale ambapo nembo ya mkahawa inaonekana kwenye mfuko wa aproni, na nyuma yake unaona mguu wa Mfilipino aliyekuwa amelala kitanda cha juu. Meneja (ambaye hakuwa Mwarabu, tusipakaziane) alizungumza taratibu kabisa. Akamwambia achague: kesi ya polisi, au asaini barua kwamba anaacha kazi kwa hiari na hana madai yoyote. Alisaini. Mshahara wa miezi miwili ukaenda hivyo. Alipanda ndege na sanduku moja.

Kijana wa Kisauni, wewe ungefanya nini baada ya kuona hivyo? Ungefungua laivu?

Mimi nilisaidiwa na mtu ambaye sikumtarajia. Keshia wetu, Mhindi wa Kerala, mtu mzima asiyependa maneno, aliniita kando wakati wa kufunga hesabu akaniambia nisiandike popote, nisiseme na mtu, nipakue programu ya wizara ya kazi ya Emirati nipeleke malalamiko humo. Aliniandikia kwenye karatasi ya risiti vitu vya kuambatanisha: mkataba, taarifa za benki, kadi ya kazi. Nilifuata. Mishahara yangu ililipwa yote. Baadaye nilielewa kwamba serikali yao ina mfumo wa kufuatilia mishahara kupitia benki tangu 2009, na kwamba kuanzia 2024 wizara yenyewe inaweza kutoa uamuzi wa mwisho kwa madai yasiyozidi dirham 50,000 bila kwanza kwenda mahakamani. Kwa hiyo nawaambia wale mnaosema Ghuba hakuna haki: haki ipo, ila inapita mlango wa ofisi. Ukiipitisha TikTok, wewe ndiye unayegeuka mshtakiwa. Yule mzee sitamtaja, lakini dua zangu anazo.

Jambo linalonikera zaidi ni kwamba mnatazama video za Dubai kana kwamba ni ushahidi. Zile za kwangu pia. Nilipiga picha Marina, nilipiga picha Burj Khalifa, na kila nilichoonyesha kilikuwepo kweli. Lakini jiulizeni kwa nini hamjawahi kuona video ya dada aliyeko Dubai leo, sura wazi, jina lake halisi, anataja mwajiri asiyemlipa. Mnadhani hayupo? Yupo, na simu anayo. Sheria ndiyo imechagua mtakachokiona, na nyinyi mnakopa pesa kwa shangazi kumlipa wakala kwa kutegemea hiyo nusu mliyoonyeshwa.

Tena nchi yenyewe inawataka watu wa maudhui, tena sana. Tangu 2018 anayelipwa kutangaza mtandaoni alitakiwa awe na leseni ya dirham 15,000. Mwaka 2025 wakaleta kibali cha matangazo ambacho ni bure kwa miaka mitatu ya mwanzo. Wametenga mfuko wa dirham milioni 150 kwa ajili ya waandaaji wa maudhui, na Dubai kuna kituo maalumu cha kuwasaidia hadi kupata viza ya dhahabu, ile ya kuishi muda mrefu. Basi upande mmoja unaitwa na kukaribishwa, upande wa pili kuna kifungo. Mwenye akili anachagua la kusema, na hilo halimfanyi mnafiki. Ana watoto anaowalipia karo.

Mnaotaka shujaa, shujaa tunaye, na ni Mkenya. Malcolm Bidali alikuwa mlinzi Qatar. Alikuwa anaandika kwa jina la Noah kuhusu vyumba vilivyojaa watu na maisha ya walinzi wenzake. Lugha yake ilikuwa safi na hakuzusha kitu. Tarehe 4 Mei 2021 usiku walimchukua kutoka anakoishi. Kwa siku kadhaa watu hawakujua yuko wapi. Alikaa karibu mwezi mzima amefungiwa peke yake, akahojiwa bila wakili. Mwezi wa Julai akapigwa faini ya riyal 25,000 kwa kosa la kueneza habari za uongo kwa nia ya kuhatarisha nchi, na simu yake ikataifishwa. Mwaka huo huo Qatar ilikuwa imeanza kima cha chini cha mshahara, riyal 1,000 kwa mwezi. Yaani faini yake ni miezi ishirini na mitano ya kima hicho, bila kula. Agosti akaondoka Qatar. Mimi namheshimu Bidali kuliko wanasiasa wetu wote waliowahi kwenda Doha kupiga picha. Lakini heshima hiyo hainipi haki ya kumwambia dada anayelea watoto watatu Likoni kwa mshahara wa Doha kwamba naye ajitoe kafara ili mimi nipate cha kutazama.

Tena kuna suala la nani atakupigia simu ukikamatwa. Julai 2024 Wabangladeshi 57 walihukumiwa Abu Dhabi kwa kuandamana dhidi ya serikali ya kwao, Bangladesh, na video za maandamano kusambazwa. Hawakuigusa Emirati hata kidogo. Watatu walipewa kifungo cha maisha, mmoja miaka kumi na mmoja, waliobaki miaka kumi kumi. Serikali ya kwao ilipobadilika, kiongozi mpya, Muhammad Yunus, alizungumza na rais wa Emirati, na Septemba wakasamehewa. Nawauliza kwa nia safi: ukikamatwa leo kwa kupost habari za maandamano ya Nairobi ukiwa Sharjah, jirani na Dubai, simu hiyo atapiga nani? Mnaujua ubalozi wetu na foleni yake.

Na Kenya kwenyewe tusijisifu. Albert Ojwang alikuwa mwalimu na mwandishi wa mtandaoni. Juni 2025 alichukuliwa nyumbani Homa Bay kwa sababu ya maneno yaliyoandikwa kwenye mtandao wa X kuhusu mkubwa wa polisi, akaletwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Kijana uliyeniita mwoga, hebu nawe jifungulie laivu hapo Kisauni umtaje OCS wako, mkuu wa kituo cha polisi, kwa jina, kisha uje tuzungumze habari za ushujaa.

Sasa mnaniuliza, je, Uingereza ni huru? Nashukuru Mungu, hapa nimeshasema mambo ambayo kule nisingethubutu, na hakuna aliyekuja kugonga mlango. Nimeona watu wamesimama barabarani na mabango wakimtukana waziri mkuu, polisi wanawaelekeza tu wasifunge njia. Lakini msije mkadhani mgeni hapa ana ulimi sawa na mwenyeji. Sisi wa kazi za kulea wazee tumekuja kwa viza iliyofungwa kwa mwajiri. Akiondoa ufadhili wake, kwa kawaida unapewa siku 60 utafute mwingine au uondoke. Siku 60, na huku umeshauza shamba kuja. Nawajua watu wanaofanyishwa zamu mbili mfululizo, wanakatwa pesa za nyumba na usafiri, na hawasemi neno. Hapa sheria haikuzuii kusema, ila barua moja ya bosi inatosha. Halafu msilipe mtu kwa kazi hizi tena, nawasihi: tangu 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuajiri walezi wapya kutoka nje. Anayekuambia bado anazo nafasi za ulezi anataka pesa yako tu.

Wanafunzi mnaoenda Marekani, na nyinyi msilale. Tangu Juni 2025 anayeomba viza ya masomo anatakiwa aweke akaunti zake za mitandao wazi ili zikaguliwe. Oktoba mwaka huo walifuta viza za wageni sita kwa maneno waliyoandika baada ya Charlie Kirk, mwanaharakati wa siasa wa Marekani, kuuawa, mmoja wao akiwa raia wa Afrika Kusini. Nchi ile ina katiba inayolinda uhuru wa kusema, na bado viza ni ruhusa inayoweza kuondolewa. Kabla ya kujaza fomu, kaa chini usome ulichoandika tangu uko kidato cha tatu. Na hata Dubai wanasoma ya zamani: mwaka 2019 mama mmoja Mwingereza alikamatwa akiingia na binti yake kwa maziko ya mumewe wa zamani, kwa maneno aliyoyaandika Facebook mwaka 2016 akiwa kwake Uingereza, kumtukana mke mpya. Alitoka kwa faini ya dirham 3,000 baada ya majuma ya kuhangaika. Aliandika akiwa kwao, kesi ikamsubiri.

Wanaotaka kwenda, nendeni. Mimi Dubai ilinijengea mama yangu nyumba na sitaisema vibaya. Ila ukitaka kujua hali halisi ya mahali, mtafute aliyerudi, kaa naye barazani, simu zikiwa mbali, umuulize mshahara uliingia tarehe ngapi na pasipoti alikaa nayo nani. Ukiwa huko, rekodi ushahidi wako lakini usiuweke hadharani: mkataba, ujumbe wa bosi, taarifa za benki, tuma kwa mtu mmoja unayemwamini nyumbani. Usimpige picha mtu aliyelala, aliye kazini wala aliyepata ajali. Hata kundi la WhatsApp si siri, kwa sababu kuna mtu humo atakayeichukua sauti yako akaipeleka.

Na nyinyi familia, hapa ndipo mnapoweza kufanya kitu. Mwaka 2022 picha za dada mmoja Mkenya aliyekonda kupita kiasi kwa mwajiri wake Saudia zilienea, Wakenya wakapiga kelele hadi wizara ikaamka, na Septemba akarudi nyumbani yu hai. Kelele zile zilipigwa Kenya, na watu walio Kenya. Yakimfika binti yenu, pigeni kelele hizo hizo: kwa mbunge, kwa wizara, kwa redio. Lakini kwanza muulizeni mwenyewe aliko, anaishi vipi, pasipoti iko wapi, na anataka lipi lisemwe. Bora aliye hatarini kwa njaa na kipigo atangazwe haraka. Yule anayedai mshahara tu, jina la kampuni, picha ya jengo na sauti yake zikae kwenye simu ya mama mpaka awe ameshapita uhamiaji na muhuri wa kutoka umegongwa.